Mlima Sekenke, lori na saumu yetu

Msafiri anayetoka Igunga kwenda Singida mjini huivuka kwanza mbuga ya Wembere, nchi tambarare ambayo macho hayakutani na kizuizi. Kisha huingia Shelui, na mara baada ya Shelui huuona mlima umesimama mbele yake kama ukuta. Huo ndio Sekenke. Zamani jina hilo lilivuma kwa ajili ya dhahabu iliyochimbwa hapo tangu zama za Wajerumani. Mwaka 1916, vita vilipowakatia Wajerumani njia ya kupata fedha kutoka kwao, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora ikafuliwa sarafu. Leo madereva wanaujua mlima huu kwa kona zake, kwa maana barabara hii ndiyo inayopitisha mizigo inayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Mwanza, Rwanda na Burundi, na ile inayorudi.

Tuliupanda mlima huo jioni moja ya mwezi wa Ramadhani, sisi, mama watoto na watoto wetu wawili. Tulikuwa tumekwenda Shelui kumjulia hali mama mkwe, tukarudi na kiroba cha mchele na majogoo wawili waliofungwa miguu nyuma ya gari. Nia yetu ilikuwa kufuturu nyumbani, Singida mjini. Tulikwisha kuagiza uji uwe tayari.

Tuliondoka Shelui jioni, nasi tunajua kuwa Magharibi ilikuwa karibu. Dereva yeyote wa njia ile angetuambia kwamba hesabu hiyo haitimii. Lakini mtu mwenye haraka haulizi hesabu.

Kwenye kona ya pili tulilikuta lori. Lilikuwa limejaa mzigo uliofunikwa turubai, linapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, moshi mweusi ukitoka. Tukapunguza mwendo. Tukasubiri dakika moja, mbili. Tukapiga honi. Lori halikubadili chochote. Tukapiga honi tena, ndefu zaidi, na hapo dereva wake akawasha indiketa ya kulia. Sisi tulilisoma tendo lile kuwa ni ufidhuli: kwamba anataka kujitanua upande wa kulia ili tusipite. Tukasema maneno ambayo hatutayaandika katika gazeti hili. Kisha tukatoka kulia, juu ya mstari usiokatika, tukakanyaga mafuta.

Basi la abiria lilikuwa linateremka kwenye kona.

Hatukumbuki vizuri tulivyorudi nyuma ya lori. Tunakumbuka breki, tunakumbuka majogoo wakipiga kelele, na upepo wa basi ulivyolitikisa gari letu. Tunakumbuka pia kwamba mama watoto hakupiga ukelele. Alisema kwa sauti ndogo, "Baba, watoto wako nyuma." Na baada ya kimya, mtoto wetu mdogo, aliyekuwa anafunga saumu yake ya kwanza, akauliza, "Baba, ukitukana saumu inabaki?"

Hatukuwa na jibu. Tulipanda mlima uliosalia nyuma ya lori lile lile, kimya.

Magharibi ilitukuta Misigiri, juu ya mlima, penye njia panda ya kwenda Kiomboi. Tukaegesha gari, tukafungua kwa tende na maji, vitu ambavyo vilikuwa ndani ya gari tangu Shelui. Tulipokuwa tunatafuta mahali pa kuswali, lori likafika, likaegeshwa karibu nasi. Akashuka dereva, mtu wa makamo, na utingo wake. Tulitamani kujificha. Yeye ndiye aliyetusogelea.

"Shehe wangu, poleni," alisema. "Nilikuwashia indiketa ya kulia kukuambia usipite, basi linakuja. Mimi niko juu, naliona. Kukiwa salama nakuwashia ya kushoto."

Kila dereva wa safari ndefu anaijua lugha hiyo, nasi tuliijua. Siku ile tulikuwa tumeisahau. Tulimwomba radhi, tukampa tende. Alizipokea, akasema yeye ni Mkristo, lakini utingo wake amefunga. Tukaswali Magharibi pamoja na utingo yule kwenye mkeka mmoja, huku dereva akitulindia majogoo.

Ndugu msomaji, tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza hasira ile ilitoka wapi. Yule dereva hakututukana, hakutuzuia, wala hakuwa na namna ya kwenda kwa kasi zaidi. Gari lenye tani nyingi haliwezi kupanda Sekenke kwa gia kubwa. Kutuchelewesha hakukuwa shauri lake. Shauri lake lilikuwa kubeba mzigo.

Tumeona kwamba sababu ya kwanza ni kutouona uso. Mtu akikugonga bega sokoni, mnatazamana, anasema "samahani", mnaachana. Barabarani hatuoni uso. Tunaona bati, namba na tairi. Na kwa kuwa hatumwoni mtu, tunamtungia tabia: huyu ana kiburi, huyu ana dharau, huyu hana akili. Honi nayo haitusaidii, kwa sababu ina sauti moja tu. Honi ya kusalimia na honi ya kutukana hutoka mahali pamoja.

Sababu ya pili ni mwili wenyewe. Hasira ikipanda, moyo hupiga mbio, misuli hukaza, na macho hulenga kile kilichotuudhi na kuacha kutazama kando. Mwili umejiandaa kwa ugomvi wakati kazi iliyo mbele yake ni kuona kona. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika sekunde moja. Sekunde ambayo dereva anaitumia kutafuta neno la kumtukania mwenzake ni mita 22 ambazo hakuna aliyeziendesha.

Na sababu ya tatu ndiyo iliyotuuma zaidi. Tuseme mlima ule ulikuwa na kilomita 4 za kupanda. Kwa kilomita 15 kwa saa, lori litazimaliza kwa dakika 16. Sisi peke yetu, kwa kilomita 60 kwa saa, tungezimaliza kwa dakika 4. Lori lilitupotezea dakika 12. Kule Shelui tuliaga mara mbili, tukakaa tena, tukaongea karibu saa nzima baada ya kuwa tumesimama kuondoka. Kosa lilifanyika Shelui. Lori lilikuwa mahali tu pa kulitua. Tulitaka mtu mwingine atulipe muda ambao tuliutumia wenyewe.

Dini yetu haikuyaacha mambo haya. Katika Hadithi mashuhuri aliyoipokea Bukhari, mtu mmoja alimwomba Mtume (s.a.w.) amuusie, naye akamuusia asikasirike, mtu yule akarudia ombi lake mara kadhaa, na jibu likawa lile lile. Mwenye saumu naye amefundishwa kwamba akitukanwa au akichokozwa, aseme kuwa yeye amefunga. Sisi hatukutukanwa, tulianza wenyewe.

Ipo pia Hadithi ya Hija inayowahusu hasa wenye kushika usukani. Siku ya kuondoka Arafa, Mtume (s.a.w.) alisikia nyuma yake makelele na vishindo vya watu wakiwapiga na kuwakimbiza ngamia wao. Akawaashiria kwa mjeledi wake watulie, akawafahamisha kwamba wema haupatikani kwa kukimbiza wanyama. Wale walikuwa mahujaji, wanatoka katika ibada kubwa, na wanakwenda katika ibada nyingine. Hata hivyo haraka yao haikuhesabiwa kuwa ucha Mungu. Sisi tulikuwa tunakimbilia uji.

Tulijiambia kuwa tunaiwahi futari. Lakini sunna ya kuharakisha kufuturu inatimia kwa tende moja au funda la maji, popote jua litakapokutulia, iwe Misigiri au Iguguno. Zaidi ya hayo, dua ya msafiri ni miongoni mwa dua zinazotarajiwa kukubaliwa, na mwenye saumu vilevile. Jioni ile tulikuwa na milango yote miwili wazi mbele yetu, tukautumia mdomo kumlaani mtu aliyekuwa anatuokoa.

Siku hizi tunafanya mambo machache, wala si makubwa. Tukisafiri Ramadhani, tunaondoka mapema. Na ikiwa haiwezekani, tunaamua kabla ya kuwasha gari kwamba tutafuturu njiani, tunaweka tende na maji mahali ambapo mkono unafika. Tukilikuta lori mlimani, tunaacha nafasi ya kutosha, tuuone upande wa mbele na tusimeze moshi wake. Tukiona moyo umeanza kwenda mbio, tunatafuta mahali salama pa kuegesha. Mtume (s.a.w.) alimfundisha aliyekasirika akiwa amesimama akae, na asipotulia alale, dereva amekwisha kukaa, basi kwake yeye kutulia ni kusimamisha gari, kushuka, na kunawa uso.

Vijijini, kama Issuna na Ikungi kwenye njia ya Manyoni, tunashusha mwendo hadi kilomita 50 kwa saa kama sheria inavyotaka, hata pasipokuwa na askari mwenye tochi. Baiskeli yenye gunia la alizeti haina kioo cha kuonea nyuma, na ng'ombe hajui kibao.

Na tumewapa wanaosafiri nasi ruhusa ya kusema. Dereva aliyekasirika hajioni, lakini aliyeketi kando yake anamwona. Neno la mama watoto pale mlimani lilitufaa kwa sababu halikuwa karipio. Kama angetukaripia, huenda tungepata mtu wa pili wa kumkasirikia.

Swali la mtoto tulilijibu usiku ule, baada ya kufika. Tulimwambia kwamba saumu ya mwenye kutukana hupoteza thawabu hata kama njaa yake imekamilika, na kwamba baba yake alikosea, na ameomba msamaha kwa Mwenyezi Mungu na kwa yule dereva. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi kesho funga vizuri." Tukaitikia, "Inshallah."

Tumeupita Sekenke mara kadhaa tangu hapo. Kila tunapokuta lori limejaa linapanda taratibu, mtoto yule huinuka kwenye kiti chake kutazama taa zake za nyuma. "Kulia," hutuambia, nasi tunasubiri. Ikiwashwa ya kushoto, hupunga mkono dirishani kumshukuru mtu ambaye uso wake hauoni.