Nilipoacha kuutazama moto, nikaitazama dohani

Nilipoanza kuchochea boila hapa Bukama, sheria ya kazi ilikuwa moja: mvuke ukipungua, ongeza kuni. Hakuna aliyeihoji. Babu yangu aliifuata kwenye meli za mvuke zilizoteremka mto Lualaba kutoka hapa hadi Kongolo, safari ya zaidi ya kilomita 600, zikitia nanga njiani kupakia kuni. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na karibu nasi, Luena, watu walichimba makaa ya mawe. Katika mji uliokua kwa moshi wa namna hiyo, mwenye moto mkubwa ndiye aliyeheshimiwa. Nami nilitaka heshima hiyo.

Kiwanda chetu ni kidogo, cha mafuta ya mawese na sabuni. Boila yetu ni ya mabomba: hewa ya moto hupita ndani ya mabomba, maji huyazunguka kwa nje, na mvuke unaozalishwa huenda kupasha mapipa ya mafuta. Tunachoma kuni pamoja na makumbi na maganda ya mawese. Kila mwezi kuni zilizidi, na kila mwezi pipa la kwanza lilichelewa zaidi kuchemka. Sote tuliamini kuni ni mbichi, au mchochezi wa zamu iliyopita ni mvivu.

Aliyenibadilisha alikuwa fundi mzee wa reli, mstaafu, aliyeitwa kutengeneza vali iliyovuja. Alipomaliza hakwenda zake. Alitoboa tundu dogo kwenye dohani, akaingiza kipimajoto kirefu, akakitazama kwa muda. Kisha akaniambia: «Mwana, moto iko mingi. Njia ndiyo imefungwa.»

Aliketi nami akanifundisha kitu alichokiita mzigo wa joto. Ukitaka kupasha lita 1,000 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 95, maji yatadai takriban megajuli 293. Hayatadai zaidi wala pungufu, uwe umechochea kwa nguvu au kwa upole. Kilo moja ya kuni zilizokauka hewani hutoa karibu megajuli 15, basi kama joto lote lingefika majini, kilo 20 zingetosha. Joto halifiki lote, hilo kila mchochezi analijua. Nililokuwa silijui ni kwamba mzigo wenyewe haubadiliki, kinachobadilika ni gharama ya kuufikisha. Jambo hilo lilinigusa sana, kwa sababu miti ya kandokando ya mto nimeiona ikiisha kwa macho yangu.

Boila ilipopoa tulifungua mlango wa mbele. Masizi yalikuwa yamejipaka ndani ya mabomba, meusi na laini, na kwenye baadhi yake mwanya ulikuwa umepungua kabisa. Upande wa maji hali ilikuwa mbaya kwa namna nyingine: gamba jeupe la chokaa, gumu kama ukoko wa ugali ulioungulia chunguni. Maji yetu ya kisima ni magumu, na chokaa ina tabia ya ajabu, kwani sukari huyeyuka zaidi maji yakipata moto, lakini chokaa huganda. Hujikusanya pale pale kwenye chuma cha moto kuliko vyote, mahali ambapo joto lingepaswa kupita kwa urahisi. Chuma hupitisha joto mara 20 na zaidi kuliko gamba hilo, na masizi ni mabaya kuliko gamba.

Hapo hatari si kuni peke yake. Bomba lililofunikwa gamba halipozwi na maji, na chuma hulainika polepole. Ukiongeza moto ili kufidia, unaliongezea adhabu bomba lile lile. Huvimba, kisha hupasuka, na anayesimama mbele ya mlango ni mchochezi. Nilikuwa nasimama hapo kila siku, na wenzangu wenye watoto walisimama hapo usiku.

Ugonjwa huu hauko kwetu tu. Matanuru ya viwanda vya kusafisha mafuta ghafi, kama kile cha Changamwe, Mombasa, kilichofanya kazi tangu 1963 hadi 2013, hupitisha mafuta ndani ya mabomba yaliyozungukwa na miale ya moto. Huko kinachojipaka ndani ni kaboni ngumu itokanayo na mafuta yenyewe, na wahandisi hupima joto la ngozi ya bomba ili wajue lini wasimamishe kazi na kusafisha. Mchochezi wa Bukama na mhandisi wa kiwanda cha mafuta wanauliza swali moja.

Kabla ya brashi, dohani yetu ilisoma nyuzi 340. Baada ya brashi na baada ya kulifumua gamba kwa dawa ya asidi iliyopunguzwa makali, ilisoma 250. Mafundi hukadiria kwamba kila nyuzi 22 zinazopotea juu ni asilimia 1 ya kuni. Yaani tuliokoa kama asilimia 4. Ukiitaja hivyo inaonekana ndogo, lakini mwenye kiwanda aliona pipa linachemka mapema, akaacha kulalamikia nusu siku tuliyosimamisha kazi ili kusafisha.

Siku hizi nina daftari. Joto la dohani huandikwa mwanzo wa zamu na mwisho wake, na likipanda bila mzigo kupanda, tunasafisha. Kila asubuhi tunafungua vali ya chini kutoa tope. Vijana wapya nawafundisha kusoma kipimajoto kabla ya kushika shoka, na wengine hunicheka, sijali.

Kinachobaki ni maji. Mvua ya Katanga hunyesha kuanzia Oktoba hadi Aprili, nayo ni laini, haina chokaa. Mabati ya kiwanda ni mapana, mifereji tumeshaiweka, tangi la kwanza limejaa. Nimemwomba mwenye kiwanda la pili, na kabla ya Mei nataka liwe limesimama.