Kidia na Wajerumani Wake

Akina mama wenzangu, Moshi mjini ni mji mchanga. Moshi ya kwanza iko juu kwenye migomba, tunakoita Old Moshi. Wajerumani walipofikisha reli ya Tanga huku chini mwaka 1911, shughuli zikahamia kwenye reli, na kule juu pakabaki vijiji.

Kimojawapo ni Kidia. Wamisionari wa Leipzig walifungua kituo hapo mwaka 1896. Mimi hupanda huko kwa huduma, kupima presha za akina mama baada ya ibada. Mchungaji Bruno Gutmann, aliyefika Uchagga mwaka 1902, alitumika hapo miaka mingi, akaondoka 1938. Alijifunza Kichagga hasa, akawasikiliza wazee, na mwaka 1926 akatoa kitabu kikubwa cha Kijerumani juu ya sheria za Wachagga. Alitaka usharika usimame juu ya ukoo, ujirani na rika. Kwa hilo namshukuru, ingawa naona wakati mwingine alitupenda zaidi tukibaki vilevile!

Siku moja mtoto wa shule ya Jumapili aliniuliza, "Mama, waliotuletea Yesu ndio waliomnyonga Mangi?"

Swali zito. Juni 1892 vijana wa Mangi Meli waliwashinda askari wa Kijerumani, na kiongozi wao, von Bülow, akafa. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na jeshi kubwa, wakamshinda. Kisha tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga hapo Old Moshi pamoja na viongozi wengine 18. Husimuliwa kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani.

Nilimjibu kwamba serikali ilikuwa mbali na misheni mbali, ila bendera moja iliwalinda wote wawili. Sikumficha.

"Na kichwa kitarudi lini?"

Ninyi mnajua uzito wa jambo hili. Zamani wazee wetu walifukua mifupa ya marehemu baada ya muda, fuvu likawekwa kihambani penye masale. Mtu asiye na mahali kihambani hajafika nyumbani.

Septemba 2023 ilitangazwa kwamba mafuvu matatu yaliyokuwa katika makumbusho ya Berlin yamelingana kwa vinasaba na jamaa walio hai hapa Tanzania. Moja ni la Akida, mtu wa karibu wa Meli. La Mangi mwenyewe halikuwamo.