Kitanda kikavu cha kobayi



Juma hili tunazungumza juu ya kobayi, wanaoitwa pia simbilisi. Hapa Masisi nani asiyewajua? Ng'ombe walichukuliwa wakati wa vita, mbuzi wakafuata, lakini kobayi wawili ndani ya kikapu mama aliweza kukimbia nao. Ukiuza mmoja unapata daftari na sabuni, bila kumwomba mtu.

Katika kikundi chetu, mama anapewa majike wawili na dume mmoja. Wakizaa, anatoa watoto wawili kwa mama anayefuata. Mwaka jana, majira ya mvua, zamu ilikuwa ya mjane mmoja mwenye watoto wanne. Tulipokwenda kumchukulia wake, tulimkuta mama wa kutoa analia. Kobayi sita walikuwa wamekufa kwa siku kumi. Wengine wetu wakanong'ona kwamba mjane ana jicho baya, maana alikuwa amepita kuwaangalia. Tunaandika haya kwa haya: tulimsikia akisemwa, tukanyamaza.

Mama mzee mmoja akapiga magoti mbele ya kibanda, akaingiza mkono chini ya majani. Juu palikuwa pakavu. Chini palikuwa matope ya mkojo, na harufu ikatutoa machozi. Akauliza: "Nani kati yenu angelaza mtoto hapa?" Tukatazamana.

Kobayi asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini, kwa hiyo baridi kidogo anaivumilia. Unyevu ndio unaomshinda. Mkojo ukikaa, ile harufu kali inachoma mapafu. Anapiga chafya, macho yanatoa maji, anaacha kula, kisha anakufa. Miguu nayo inapata vidonda. Jike anabeba mimba zaidi ya miezi miwili, basi akifa yeye hasara ni ya muda mrefu.

Tangu siku ile tunafanya hivi:

Kila asubuhi tunatoa majani yaliyolowa, hasa ya pembeni wanakopenda kukojoa. Mara mbili kwa juma tunatoa yote, tunafagia, tunaacha sakafu ikauke kabla ya kutandika upya. Tunatandika nyasi kavu, majani makavu ya migomba au maranda ya seremala. Nyasi zenye ukungu hatutumii. Kiangazi kikiwapo tunakausha nyingi na kuziweka juu ya jiko, ili mvua isitukute mikono mitupu.

Kibanda tunakiinua juu ya miguu. Maji hayaingii, na panya na nyoka wanapata shida kupanda. Upepo tunaupitishia juu, usiwapige wakiwa wamelala. Chakula kibichi kikiwa na umande tunakinyausha kwanza. Majani ya viazi vya mviringo hatuwapi, yana sumu. Ya matembele wanayapenda.

Dada zetu waliotoka Walikale wanasema kule msituni nyasi hazikauki vizuri kwa ajili ya joto na mvua. Wao wanatengeneza sakafu ya mianzi iliyopasuliwa, mkojo unaanguka chini. Nafasi kati ya mianzi iwe ndogo, mguu wa mtoto usinaswe.

Matandiko machafu hayatupwi. Yakioza vizuri ni mbolea ya maharagwe. Na baada ya kazi hii tunanawa mikono kwa sabuni, kisha ndipo tunamshika mtoto. Kobayi wasilale chumba kimoja na watoto wetu.

Mjane tulimwendea na maharagwe na chumvi, tukamwomba msamaha. Alitupokea, lakini alituambia maneno yale yalimwuma kuliko kukosa wanyama. Miezi minne baadaye alipata wake. Leo ndiye anayepita katika nyumba zetu kukagua vibanda.

Mkutano ujao, kila mama alete konzi moja ya majani aliyoyatoa chini kabisa ya kibanda chake. Tutayashika pamoja.