Nionyeshe Mama Yake

Kolwezi, Jumapili, 6 Julai 2025

Mtoto anataka panya wa kufuga. Likizo kubwa imeanza, simu ya mama yake iko mikononi mwake kutwa, na humo amemwona Magawa, yule panya buku aliyenusa mabomu ya ardhini kule Kambodia. "Papa, na sisi tutafute wetu." Mama yake amecheka. Bibi yake hakucheka: kwake panya ni wa kuua au wa kula.

Mimi sitaki kumkatalia. Mji huu unawafundisha watoto mapema mno kwamba kila kitu ni cha kuchimbwa, kupimwa na kuuzwa. Nafurahi kama wangu atakuwa na kiumbe wa kumlisha kila asubuhi bila kumngojea faida. Lakini mimi ni muuguzi. Mnyama nisiyejua alikotoka hataingia nyumbani mwangu.

Jioni nimemsimulia habari za Magawa ambazo video haikuzisema. Hakukamatwa porini. Alizaliwa Tanzania mwaka 2013, akalelewa Morogoro na shirika la APOPO, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Pale vitoto huzoeshwa kushikwa na watu tangu macho yanapofunguka, kisha hufundishwa kwa miezi mingi, na kila wanapopatia hupewa kitu kitamu. Mwaka 2020 alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Alipostaafu alikuwa amegundua mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya 100. Akafa kwa uzee Januari 2022.

"Kwa hiyo tuanze na nini?" mtoto akauliza.

"Na mama yake," nikamjibu. "Mnyama wa kufuga ana mama anayejulikana. Anayetuuzia atuonyeshe."

Jumamosi, 12 Julai

Kiangazi kimeshika. Nyasi zinachomwa kila upande, na nyuma ya moto vijana wanafukua mashimo. Leo, njiani kurudi kutoka Fungurume, gari liliposimama kijana mmoja alinyanyua kizimba cha waya dirishani. Ndani yake panya buku mzima, mkubwa kama paka mdogo, ncha ya mkia nyeupe.

"Papa, chukua huyu. Ni mpole."

"Umemtoa wapi?"

"Kule porini."

"Lini?"

"Juzi tu."

Nikamtazama kwa karibu. Midomo ilikuwa na damu kwa kung'ata waya, na mguu mmoja wa nyuma haukugusa chini. Alikuwa ametulia kwa sababu amechoka kuogopa. Hana maji, hana kivuli. Kijana aliona nasita, akapunguza bei, akaongeza kwamba nikishindwa kumfuga naweza kumpika.

Moyo uliniuma, na bado sikununua. Pesa yangu isingemwokoa panya yeyote. Ingemrudisha kijana porini kesho kutega mwingine, safari hii kwa ajili ya watoto wa mjini. Simlaumu, anatafuta chakula cha nyumbani. Ila mnyama wa mtego ni mnyama wa porini hata akikaa kwenye kizimba cha dhahabu.

Jumapili, 13 Julai

Niandike sababu ya pili ya kutomnunua yule panya, ile ya kazini, maana bibi ataiuliza.

Mpox. Mtu wa kwanza kujulikana kuugua duniani alikuwa mtoto wa miezi 9, hapa hapa nchini kwetu Kongo, Basankusu, mwaka 1970. Wanyama wanaoshukiwa zaidi kuutunza ugonjwa huo msituni ni panya, kindi na jamaa zao wadogo. Mwaka 2003 shehena ya wanyama wapatao 800 ilitoka Ghana kwenda Texas, Marekani, kwa ajili ya biashara ya wanyama wa nyumbani, na panya buku walikuwamo. Waliwekwa karibu na panya wa nyika za huko, hao wa nyika wakaambukizwa, kisha wakauzwa kwa familia. Wagonjwa waliohesabiwa walifika 47, katika majimbo 6. Hakufa mtu, lakini serikali ya huko ilipiga marufuku kuingiza panya na kindi kutoka Afrika.

Kisa kile hunirudia kila ninaposikia mtu akisema panya fulani "ni mzima, angalia manyoya yake." Wale nao waliuzwa kama wanyama wa nyumbani. Mwezi Agosti mwaka jana Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura kwa sababu ya aina mpya ya mpox iliyoanzia Kamituga, Kivu Kusini. Mimi nimevaa glavu kazini kwa ajili ya ugonjwa huu. Sitamwachia mtoto wangu ambusu panya wa porini.

Jumanne, 15 Julai

Sasa ni zamu ya hamsta. Shemeji wa Lubumbashi anasema yupo mtu anayeweza kumleta kutoka Afrika Kusini, apite mpaka wa Kasumbalesa, afike hapa kwa basi. Nikaomba nizungumze naye. Nilimwuliza umri wa mnyama, jike au dume, amezaliwa kwa nani, atakaa ndani ya boksi siku ngapi, na cheti cha daktari wa mifugo kitatolewa na nani. Kila swali alilijibu kwa bei. Huko ni kununua mbuzi kwenye gunia, tena mbuzi mwenyewe ataumia njiani: mchana joto la gari, usiku baridi ya Julai ya huku juu.

Nimesoma kidogo habari za hamsta ili nimweleze mtoto kwa haki. Wengi wanaofugwa duniani wametokana na familia moja iliyochimbuliwa karibu na Aleppo, Siria, mwaka 1930, na mtaalamu wa wanyama Israel Aharoni, kisha wakazaliana Jerusalem. Yule wa Siria akishakua hukaa peke yake, ukimwekea mwenzake watapigana hadi kuuana. Mchana hulala, usiku hukimbia. Maisha yake ni miaka 2 au 3. Mtoto wangu anataka wa kucheza naye mchana. Hata angepatikana kwa mfugaji mwema, asingekuwa wa nyumba yetu.

Panya weupe nao nimewafikiria. Wanaofugwa Ulaya ni werevu na wanapenda watu, na lazima wawe wawili au zaidi. Lakini hapa sijapata mtu anayewazalisha kwa uangalifu, na panya wa darini si mbadala wao.

Jumapili, 20 Julai

Jibu limetoka kwa mwenzangu wa zamu, mama wa Bukavu. "Docta" (hivyo ndivyo anavyotuita sote) "kwa nini unahangaika? Mtafutie mtoto kobai."

Simbilisi! Sijui kwa nini hakunijia akilini, na mimi nimewaona tangu utotoni. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini, ambako watu wamemfuga kwa maelfu ya miaka. Kivu Kusini amekuwa mwenyeji kabisa, familia nyingi sana zinamfuga jikoni, karibu na moto. Mwenzangu amenisimulia jinsi wakati wa vita ng'ombe na mbuzi walivyoporwa, na kobai wakabaki kwa sababu hawaonekani na hawana kelele za kuwasaliti mbali. Watoto walibeba wawili watatu kwenye kikapu wakakimbia nao. Kule wanaliwa, na fedha yake hulipa daftari na sabuni. Hapo hapo, watoto wanaowakatia majani huwapenda na kuwapa majina.

Kwetu atakuwa wa kufuga tu. Bibi ameshaambiwa.

Mwenzangu anamjua mama mmoja hapa Manika anayewazalisha. Nimemwuliza kitu kimoja: "Anaruhusu mtu kuingia uani aone?" Akasema anaruhusu. Basi tutakwenda.

Jumamosi, 26 Julai

Tumekwenda, mimi na mtoto.

Ua mdogo, umefagiliwa. Vizimba vya mbao vimeinuliwa juu ya matofali, paa la bati, upande wa upepo umezibwa kwa gunia. Chini majani makavu, si unga wa mbao unaowasha pua. Hapakuwa na harufu kali. Majike na watoto upande mmoja, madume upande mwingine.

"Karibu, Papa. Karibu, mtoto. Mmekuja kula au kufuga?"

"Kufuga, Mama."

"Kaeni basi, tuongee."

Akaanza yeye kutuuliza. Nani hubaki nyumbani mchana? Kuna mbwa? Paka wa jirani? Watalala wapi usiku wa baridi? Mtoto akirudi shule Septemba, nani atakata majani? Hapo nikajua tumefika panapostahili. Yule wa barabarani aliuliza pesa tu, na yule wa Kasumbalesa vivyo hivyo.

Nami nikauliza yangu, naye akatuonyesha mama: jike la kahawia na jeupe, ananyonyesha watatu. Watoto wa kobai huzaliwa macho wazi, na manyoya na meno, baada ya mama kubeba mimba zaidi ya miezi 2. Siku ile ile wanakimbia. Kwa hiyo watu huwanunua wachanga mno wakidhani wameshakomaa. Wale wetu walikuwa na siku chache tu. Nikatoa pesa, nikamwambia anipe wawili leo, mtoto asingoje. Akakataa.

"Hapana, Papa. Waache wanyonye wiki tatu. Na madume nitawatoa wakifika hapo, wakichelewa wanawapanda dada zao. Wewe chagua majike wawili, nitawafungia kamba nyekundu mlangoni."

Kisha akamfundisha mtoto kumkagua mnyama. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya matako, miguu isining'inie. Macho yawe makavu na maangavu. Pua isiwe na kamasi. Meno ya mbele yakutane sawa, kwa maana hayaachi kukua. Nyayo zisiwe na vidonda. Nyuma pasiwe na uharo. Mwisho umlete sikioni usikilize pumzi: isikorome, isipige mluzi. Mtoto alisikiliza muda mrefu, macho ameyafumba.

Tulipoaga, mama yule akasema: "Mkishindwa, msimwachie njiani na msimpe mtu. Mnirudishie mimi."

Nimepata bei, nimepata tarehe, na nimepata mtu wa kuwajibika.

Jumapili, 3 Agosti

Tunatayarisha makao. Fundi amepasua mbao za kreti, nimekagua misumari mwenyewe. Upana mita moja na nusu, kijumba cha kujificha chenye milango miwili, chupa ya maji.

Jambo la majani limenipa kazi. Kobai hula karibu na ardhi, na ardhi yetu ina vumbi la kobalti na shaba. Mwaka 2018 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo yao kuhusu Kasulo, mtaa wa hapa hapa Kolwezi ambao watu walichimba hadi chini ya nyumba zao: watoto wa pale walikuwa na kobalti nyingi zaidi mkojoni kuliko watoto wa mtaa wa jirani, na vumbi la majumbani lilikuwa nayo. Basi sikati majani kando ya barabara ya malori wala chini ya mlima wa taka za mgodi. Tutaotesha wenyewe nyuma ya nyumba na kuosha kwa maji ya kisima, yale yale tunayokunywa.

Nimeandika kwenye karatasi, nikabandika ukutani:

Kila siku: nyasi kavu wakati wote, zisiishe. Lengalenga, majani ya viazi vitamu, kipande cha pera au pilipili hoho, kwa sababu kobai, kama sisi, mwili wake hautengenezi vitamini C.

Kamwe: sombe mbichi (majani ya muhogo), majani ya mwavokado, majani ya viazi mviringo, bukari (ugali).

Mtoto ameongeza kwa kalamu yake: "Kuongea nao."

Jumamosi, 16 Agosti

Wamefika. Mama wa Manika aliwapima mbele yetu kwa mizani ya jikoni, akaandika uzito na tarehe ya kuzaliwa kwenye kipande cha katoni, akatupa na konzi ya majani ya kizimba chao cha zamani wasione ugeni. Majike wawili, ndugu. Mmoja wa kahawia, mmoja ana kilemba cheupe kichwani.

Wameingia kijumbani na hawatoki. Mtoto amekaa mbali kidogo kama alivyoelekezwa, anawasomea kitabu chake cha shule kwa sauti. Hajawagusa. Nimejivunia subira yake.

Jumapili, 7 Septemba

Sasa wakisikia mlango wa jikoni ukifunguka wanapiga mluzi nyumba nzima isikie. Bibi ndiye anayewaletea lengalenga asubuhi, kabla ya mtoto kuamka. Shule imefunguliwa na majani yanakatwa bado.

Jirani amekuja leo. Watoto wake wamewaona, wanalia usiku. Anataka niwaletee dume, tuzalishe, tumgawie. Amesema kwa wema kabisa, nami nimemkatalia kwa wema. Jike akizaa mara ya kwanza akiwa ameshakomaa sana, mifupa ya nyonga haifunguki na anaweza kufa. Watoto wakizaliwa, nani ataangalia wanakokwenda? Mimi sijui bado kazi ile, mama wa Manika anaijua.

Nimemwelekeza kwake. Nimemwambia aende na watoto, aombe kumwona mama wa mnyama, ajibu maswali yote atakayoulizwa, na akiambiwa angoje, angoje. Na akikutana na mtu wa kizimba cha waya barabarani, apite.

"Na nikikuta hana watoto wa kobai kwa sasa?" akauliza.

"Basi tengeneza kizimba kwanza," nikamwambia. "Nitakuja Jumamosi na nyundo."