Mshipi Mrefu kwenye Bwawa Dogo

Tangu mashine za dhahabu zianze kufyonza mchanga wa mto Aruwimi huko juu, maji yanatufikia Banalia yakiwa mazito, na samaki anayewinda kwa macho hakioni tena kijiko cha chambo. Ndiyo sababu nimeacha kazi ya uvuvi. Wanangu wanasema ni mgongo, lakini mgongo wangu ulikuwa mbovu tangu zamani na haukunizuia kitu. Naandika kwa sababu vijana wa kivukoni wameanza kuisimulia kazi yetu kana kwamba ilikuwa ya wavivu: mtu anakaa kwenye pirogi, anapiga kafi, anakokota kamba. Wengine wanasimulia uongo mbaya zaidi. Nitaufikia.

Utoto wangu hauna mengi. Nilizaliwa miaka michache kabla ya uhuru wa 1960. Baba alilima mpunga na pamba kwa amri, na kwa amri vilevile akachimba bwawa la tilapia, maana Wabelgiji siku hizo walitaka vijiji vifuge samaki. Mwaka 1964, waasi wa Simba walipouteka mji wa Stanleyville, tulikimbilia porini. Tuliporudi, bwawa la baba lilikuwa limejaa majani na vyura. Shule niliisoma nusunusu. Stanleyville ilipoitwa Kisangani, mwaka 1966, mimi nilikuwa nimeshaanza kubeba samaki wa watu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mlokele kutoka upande wa Isangi, aliyemwoa dada yangu mkubwa. Kwa hiyo kwangu alikuwa Shemeji, na hadi leo simwiti vinginevyo. Walokele ni watu wa mto, wafanyabiashara wa pirogi, wenye sifa ya ngoma zinazotuma habari kutoka kijiji hadi kijiji. Watu wetu walimcheka kwanza. Kwetu samaki alikuwa wa mitego, nyavu na ndoano zinazolala usiku kucha. Huyu alikuja na kijiko cha supu kilichokatwa mpini, akakifunga nyuma ya pirogi na kuanza kuzunguka nacho.

Wageni wachache waliokuwa wakisubiri kivuko waliuliza daima habari za Meja Barttelot, Mwingereza wa msafara wa Stanley, aliyepigwa risasi hapa Banalia tarehe 19 Julai 1888, alfajiri, alipotoka kwa hasira kumnyamazisha mwanamke aliyekuwa akipiga ngoma. Habari za samaki hakuna aliyeuliza. Shemeji aliposikia kisa hicho mara ya kwanza alitikisa kichwa tu, akasema, “Ngoma ingeisha yenyewe.” Huyo ndiye mtu ninayetaka kumweleza.

Bwawa letu la kuvulia liko nyuma ya kisiwa, chini ya kivuko. Oktoba na Novemba, mto unapojaa, hakuna bwawa, yote ni Aruwimi. Maji yakishuka, Januari na Februari, linabaki shimo refu lenye kina, limeungana na mto kwa mfereji mwembamba. Ukipiga kelele upande mmoja, mtu wa upande wa pili anakujibu. Samaki aitwaye kapiteni huingia humo akifuata samaki wadogo, akabaki. Hapo ndipo penye siri: kapiteni hawezi maji yasiyo na hewa. Mfereji ukikauka na jua likayapasha maji yaliyobaki, yeye ni wa kwanza kuelea tumbo juu, wakati ngolo, anayepanda kuvuta pumzi juu ya maji, anaendelea na maisha yake kwenye matope. Basi msimu ni mfupi, tangu bwawa linapojitenga hadi mfereji unapoziba. Shemeji alikwenda kuuangalia mfereji kwa miguu kabla ya kugusa kafi. Ukiwa bado unapitisha maji, tulivua. Ukiwa umeziba, aligeuka nyuma, akaenda kurekebisha paa la dada yangu.

Mtoni kila mtu anaweza kukokota ndoano, kwa sababu mkondo unafanya nusu ya kazi. Bwawani hakuna mkondo. Kijiko hakina uhai ila ule unaokipa wewe, na maji ni madogo, kila kitu kinasikika. Shemeji alikaa nyuma kabisa, mshipi ameufunga kidoleni, kidole gumba cha mguu wa kulia, ili mikono yote miwili ibaki kwa kafi. Kafi ilipiga upande mmoja tu, bila kutoka majini, ikigeuzwa chini kwa chini. Aliyeugusa ubavu wa pirogi kwa kafi alishushwa ufukoni. Mimi nilishushwa mara nyingi.

Kijiko alikigonga kwa nyundo hadi kikawa na tumbo upande mmoja. Alikijaribu kando ya pirogi kabla ya kukiachia: kiyumbe kulia na kushoto, kisizunguke. Kijiko kinachozunguka kinasokota mshipi, na mshipi uliosokotwa hujifunga mafundo ambayo hata mke mvumilivu hawezi kuyafungua. Chubwi aliiweka mbali na kijiko, ndogo, ya kushusha kidogo tu. Halafu aliachia mshipi mrefu sana, mita 40 na zaidi, ndani ya bwawa ambalo wengine waliona linafaa kwa ndoano ya mkononi. Alisema pirogi ikipita juu ya samaki kwenye maji ya kina kidogo, samaki anasogea pembeni, kisha baada ya muda anarudi mahali pake. Mshipi mfupi unamkuta bado yuko mbali. Mshipi mrefu unamkuta amerudi.

Hakupita katikati kamwe. Alifuata ukingo, pale fungu la mchanga linapokatika ghafla kuingia kwenye kina, na hakwenda kwa mstari ulionyooka. Alikata kona, akanyoosha, akakata tena upande wa pili, kwa utulivu, njia yote. Hapo ndipo pana ufundi wenyewe, na ndipo vijana wanapoona uvivu. Pirogi ikikata kona, mshipi unalegea, kijiko kinapunguza mwendo na kuzama. Ukinyoosha, mshipi unakazika, kijiko kinaruka kuja juu. Kapiteni akikipiga kinapozama, ujue leo anataka cha chini, cha polepole, basi punguza kafi na uongeze kona. Akikipiga kinapopanda, ongeza nguvu kidogo. Ukienda moja kwa moja toka mwanzo hadi mwisho, hujamuuliza samaki kitu, na jioni utasema bwawa halina kitu.

Jioni, nasema, na alfajiri. Mmulike kapiteni kwa tochi usiku, utaliona jicho lake linavyong'aa. Anaona kwenye giza jepesi ambamo samaki wadogo hawaoni vizuri, na ndiyo saa yake ya kula. Mchana wa kiangazi anajificha chini, mvuvi mwenye akili analala.

Palikuwa na mwenzangu mmoja, mfanyakazi wa kivukoni, mikono yake minene, aliyeipinga njia hii tangu ujana hadi alipozikwa. Yeye alikokota mshipi mfupi, kwa kasi, na mbele ya kijiko alifunga waya. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Mbenga ana meno yanayokata nailoni mara moja, na kijiko cha kununua Kisangani, kilichosafiri kilomita 128 kwenye baiskeli, si kitu cha kumwachia samaki. Kweli alipata mbenga, tena wengi, kwa sababu mbenga hupenda kufukuza kitu kinachokimbia. Lakini kapiteni hana meno ya kukata, na kwenye maji yaliyotulia waya unaonekana, tena unakifanya kijiko kiwe kigumu, kisiyumbe. Nilimwambia: mtoni una haki, bwawani huna. Alinijibu kwamba ninapoteza vijiko. Nilivipoteza, ndiyo. Nilihesabu kuwa ni kodi ya mbenga, nikailipa. Sijabadili mawazo, naye hakubadili yake. Tuliendelea kugombana kwenye mazishi ya watu wengine.

Vita vya siku sita, Juni 2000, majeshi mawili ya kigeni yalipopigana ndani ya Kisangani, vilimkuta Shemeji huko alikokwenda kuuza samaki wa kukaushwa. Hakurudi. Dada yangu alisubiri, kisha akaacha kusubiri, na kafi ya Shemeji ninayo.

Baada ya hapo wakaja wenye injini. Mtu anaingiza injini kwenye bwawa ambalo anaweza kulizunguka kwa miguu! Mawimbi yake yanapiga ukingo, udongo unamomonyoka, halafu anashangaa kwamba hakuna kinachouma. Hao niliwavumilia, petroli ni ghali, walichoka wenyewe. Lakini ninyi mnaoleta vyandarua vya mbu, vile vilivyogawiwa ili watoto wenu wasipate malaria, mkavishona pamoja na kuvuta bwawa zima: mnachobeba kwenye beseni ni kapiteni wa miaka mitatu ijayo, urefu wa kidole, na mnawauza kwa fungu. Na ninyi wa utupa, mnaoponda majani na kuyamwaga majini jioni, kisha asubuhi mnaokota vilivyoelea, msiniambie kwamba babu zetu walifanya hivyo. Walifanya, kwenye vijito, kwa ruhusa ya wazee, na hawakurudia wiki iliyofuata. Wanawake wanaokinga kidimbwi kwa udongo na kuyachota maji hadi yaishe siwalaumu hata kidogo. Kidimbwi kile kingekauka, na samaki wake wangeliwa na ndege. Bwawa lenye mfereji si kidimbwi. Lina mlango, na mlango ule ndio unaoleta wengine.

Mnauliza nani atajali sasa, maadamu maji yenyewe yamechafuka. Matope ya mto hutuama bwawani yakipata muda, kwa kuwa hakuna mkondo wa kuyabeba. Nimeliona hilo mwaka huu: mtoni huoni kiganja chako, ndani ya bwawa unaona kafi hadi nusu. Mimi nimeacha, lakini mwenye kijiko kizuri na subira bado ana kazi kule nyuma ya kisiwa.

Sasa ule uongo. Inasemekana kapiteni mkubwa kuliko wote aliyetoka bwawani, yule aliyepimwa kwenye mizani ya kahawa ya mfanyabiashara Mgiriki, kabla Mobutu hajayataifisha maduka ya wageni mwaka 1973, alivuliwa na mwenzangu wa kivukoni, kwa waya. Watoto wake wanasimulia hivyo, na wengine wanaongeza kwamba mimi nilimtoa usiku kwa wavu. Samaki yule alivuliwa na Shemeji, mimi nikiwa mbele nikipiga kafi, naye mshipi ukiwa kidoleni, kona ya pili baada ya mfereji, kijiko kikiwa kinazama. Kidole chake kilivimba wiki nzima na dada yangu alikikanda kwa maji ya moto. Kijana aliyeshika mizani siku ile sasa ni mzee, anakaa Kisangani, Kabondo, na kumbukumbu yake ni nzuri kuliko yangu. Nendeni mkamuulize. Na mkimkuta, muulizeni pia kama mdomoni mwa samaki yule kulikuwa na waya.