Sifuri na Kistari

Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, giza linapoingia, natoka uani na kuwasha taa. Taa yenyewe nimeiweka juu ya sanduku la mbao, na chini yake kuna faneli niliyoikata kutoka bati la debe. Ndani ya sanduku nimepanga trei tupu za mayai, zimesimama wima zikiegemeana. Wadudu huizunguka taa, hujigonga, huteleza katika faneli na kuangukia ndani, nao wakishachoka hujikunyata katika vishimo vya trei. Alfajiri, kabla ndege hawajachangamka, nafunua sanduku, natoa trei moja moja, nahesabu nondo, naandika katika daftari, kisha nawaweka chini ya migomba wakapumzike hadi usiku. Kazi hii naifanya tangu nilipostaafu mwaka 2014, hapa Morogoro, katika kiwanja ambacho kwa nyuma kinautazama mlima Uluguru.

Lugha yetu imenichezea kidogo katika jambo hili. Nondo ni mdudu huyu, na nondo ni chuma cha kujengea. Siku moja nilikuwa katika daladala, nikimweleza rafiki yangu kwa simu kwamba usiku uliopita nimepata nondo 212. Kijana aliyekaa nyuma yangu alinigusa bega kwa adabu. “Shikamoo mzee,” akasema, “hizo nondo ni za milimita ngapi?” Nilipomweleza kwamba zangu zina mabawa, alinitazama kwa huruma, akageukia dirishani.

Mke wangu naye hakuipenda taa hii. Balbu ya wati 125 ikiwaka kwa muda wa saa 12 hula uniti moja na nusu, na yeye ndiye mnunuzi wa LUKU. Mimi nilitaka kuiwasha kila usiku, yeye alitaka nisiiwashe kabisa. Tukapatana usiku tatu kwa wiki. Nondo akawaita “wageni wako”, na asubuhi alikuwa akiniuliza kutoka jikoni, “Baba, wageni wako wamelala wangapi?”

Msomaji ambaye hajapata kuhesabu nondo anaweza kudhani ni wadudu wa aina moja, wa kijivu, wanaotoboa nguo sandukuni. Mimi pia nilianza hivyo. Lakini daftari limenifundisha kuusoma mwaka upya. Mvua za vuli zinapoanza, mara nyingi mwezi wa Novemba, sanduku hufurika usiku mmoja tu baada ya ukame. Kwanza huja kumbikumbi, ambao kwa kweli ni kero: huacha mabawa yao kila mahali, na asubuhi inanibidi niwatoe kwa viganja kabla sijamwona nondo hata mmoja. Kuku wa nyumbani walishajua. Siku baada ya mvua hunisubiri pale kwenye sanduku kama wanafunzi wanaosubiri uji. Chura mmoja mnene alihamia kabisa chini ya meza ya mtego, na mjusi kafiri wa ukutani alinenepa hadi akawa mzito kukimbia.

Masika huwaleta wakubwa. Kuna mmoja mwenye mistari ya waridi tumboni na mrija mrefu wa kufyonzea, ambaye kiwavi wake mwenye pembe mkiani hutafuna majani ya viazi vitamu. Jamaa zake wa aina hiyo, wenye mwili mnene na mbio kali, ndio wanaochavusha mipapai gizani. Yuko mwingine mwenye picha ya fuvu la mtu mgongoni, ambaye ukimshika hulia kama panya, naye huingia mizingani kuiba asali. Jirani yangu alimwona huyo mara moja, na tangu siku hiyo hupita upande wa pili wa njia. Wapo pia wale wakubwa kama kiganja, wenye duara kama macho katika mabawa. Hao wakishatoka katika pupa hawali kitu mpaka wafe, maana hawana kinywa cha kulia. Walichokula walipokuwa viwavi ndicho wanachoishi nacho siku zao chache. Nikimpata mmoja wa hao asubuhi, siharakishi kumweka chini ya mgomba. Nakaa naye kidogo.

Kisha huja kipupwe. Juni, Julai na Agosti hewa hushuka kutoka mlimani ikiwa baridi na kavu, majani ya porini hukauka, na sanduku huwa tupu. Nondo wanne. Nondo mmoja. Sifuri. Mwezi mpevu nao huleta njaa yake hata wakati wa neema, kwa kuwa mbalamwezi hushindana na taa, kwa hiyo katika daftari nina safu ya kuandika umri wa mwezi mwandamo. Jambo hilo la mwezi lilichunguzwa miaka mingi iliyopita na Mwingereza C. B. Williams, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1920 alifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara, kisha akarudi kwao na kuwasha mtego wa taa huko Rothamsted kwa miaka minne, kuanzia 1933. Hunipendeza kufikiri kwamba mtu yule alikuwa ameshaona usiku wa kwetu kabla hajaanza kuhesabu usiku wa kwao.

Tuliambiwa zamani kwamba wadudu huifuata taa wakidhani ni mwezi. Mwaka 2024 watafiti waliopiga picha za kasi kubwa walitoa maelezo mengine. Mdudu anayeruka usiku huelekeza mgongo wake upande wenye mwanga, maana tangu zamani mwanga wa usiku umekuwa juu, mbinguni. Taa ikiwa pembeni yake, mgongo hugeukia taa, naye hubaki anazunguka bila kuweza kutoka. Kumbe hakuvutwa na chochote. Amepotelewa na mahali palipo juu.

Nahesabu hata sifuri, na hapo ndipo watu wanaponishangaa zaidi. Mjukuu wangu aliniuliza, “Babu, kama hakuna kitu, unaandika nini?” Swali hilo lina jibu refu, nami kwa miaka mingi sikumpa mtu yeyote jibu hilo.

Mwaka 1976 nilikuwa kijana wa miaka 22, msaidizi katika kituo kimoja cha kilimo. Palikuwa na mtego wa taa uani, mkubwa kuliko huu wangu, na ndani yake kulikuwa na sumu, kwani pale hatukuwaachilia. Tulimtafuta nondo mmoja tu. Ni mdudu mdogo wa kijivu, mabawa ya nyuma meupe, asiye na uzuri wa kumsimulia mtu. Huyo ndiye mzazi wa viwavijeshi. Husafiri usiku na upepo, mbali sana, na upepo wa mvua unapokutana mahali pamoja huwakusanya na kuwatua kwa wingi. Hutaga mayai, na kiasi cha wiki mbili baadaye mkulima huamka akakuta shamba limekuwa jeusi linatembea. (Wale walioingia kwetu mwaka 2017 kutoka Amerika, wanaojificha katika moyo wa mhindi, ni wengine, ingawa siku hizi wamelichukua jina.) Vituo vya mitego vilikuwa vingi katika nchi zetu tatu, na hesabu zao zilipelekwa Muguga, Kenya, ambako tangu mwaka 1969 utabiri wa kila wiki ulikuwa ukitolewa kuwaonya wakulima. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa bado hai. Ilivunjika mwaka uliofuata.

Mkuu wangu pale kituoni alinifundisha jambo moja siku ya kwanza. Ukihesabu usipate kitu, andika sifuri. Usipohesabu, kwa sababu yoyote ile, hata iwe ya aibu, piga kistari. Sifuri inasema nimetazama, hawapo. Kistari kinasema sikutazama. Usiviache vikachanganyika.

Mwezi wa Desemba mwaka ule palikuwa na harusi ya mtoto wa mama mdogo, kijiji cha mbali. Niliondoka Ijumaa alasiri bila ruhusa, nikamwomba mlinzi awashe taa. Nilirudi Jumatatu. Taa haikuwashwa hata usiku mmoja, na siku zote tatu mvua kubwa ya radi ilikuwa imenyesha. Karatasi ya hesabu ilitakiwa kuondoka asubuhi ile. Kistari kimoja kingeeleweka. Vistari vitatu vingeuliza nilikuwa wapi. Nilichukua kalamu nikaandika 0, 0, 0, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Kabla ya mwezi kwisha viwavijeshi walikuwa katika mashamba ya mahindi ya upande wa kwetu. Nilikwenda kwa mjomba wangu Jumapili. Mahindi yake yalikuwa yamefika magotini, na sasa yalikuwa vijiti. Katika sehemu ambayo walikuwa bado wanakula, ukisimama kimya ulisikia sauti yao, kama mvua ya rasharasha juu ya majani. Mjomba alikuwa amekaa juu ya kisiki. Hakulalamika. Aliniuliza tu, “Mjomba, si ninyi mnaowatega hawa? Hamkuwaona?”

Nikajibu, “Hatukuwaona.”

Lilikuwa neno la kweli, wala nilikuwa sijapata kusema uongo mkubwa kuliko huo. Sitaki kujipa ukubwa nisiokuwa nao. Vituo vilikuwa vingi, na sifuri tatu za kijana mmoja yumkini hazikubadili hata neno moja katika utabiri wa Muguga. Tena onyo lingefika, dawa ingetoka wapi? Haya yote nimejiambia mara nyingi. Lakini usiku wa mvua ile nondo walipita au hawakupita, na mtu aliyelipwa kujua hakujua, akaandika kwamba anajua. Mwaka ule nyumba ya mjomba ilikula muhogo, ambao viwavijeshi hawaugusi, na binti yake mkubwa hakurudi shuleni. Mjomba alifariki miaka mingi baadaye bila mimi kumwambia.

Mwaka 2019 nilikwenda Dodoma msibani, nikakaa wiki moja na siku mbili. Nilimwomba mke wangu aniangalizie mtego. Nilimwonyesha swichi, sanduku na daftari, basi. Habari ya kistari sikumweleza, kwani nilikuwa na haraka. Niliporudi nilikuta ameandika kwa mwandiko wake wa duara:

“Alhamisi. 31. Mmoja mkubwa ana macho mabawani, nimemwacha ukutani.

“Jumamosi. 12. Kuku alimla mmoja mbele yangu, sikujua kama ahesabiwe. Nimemhesabu.

“Jumanne. Nilipitiwa na usingizi, ndege wakaniwahi. Sijui walikuwa wangapi.”

Nilicheka. Kisha nikaketi. Mwanamke huyu, aliyekuwa akiidai taa yangu kila uniti, ambaye hakufundishwa wala hakulipwa, hakuona ugumu wowote kuandika neno “sijui”. Nilimfuata jikoni nikamweleza habari yote ya mwaka 1976. Alikuwa anachambua mchele, na hakuinua uso mpaka nilipomaliza.

“Mjomba ulimwambia?”

“Hapana.”

“Mkaza mjomba si yuko hai?”

Alikuwa hai, Kilosa, kwa mjukuu wake. Nilichukua majuma mawili kutafuta visingizio, kisha nikapanda basi. Nilimkuta amekaa barazani, macho yamefifia lakini masikio mazima. Nilimsimulia kama nilivyosimulia jikoni, sifuri kwa sifuri. Akanisikiliza, akitafuna kitu ambacho nadhani hakikuwapo kinywani.

“Ile harusi ya mtoto wa mdogo wake mama yako,” akasema. “Kwani sisi tulikuwa wapi? Mimi na mjomba wako tulikuwa pale pale. Alikuona unacheza ngoma siku tatu. Uliponijibu—uliponijibia mjomba wako—akaja akaniambia, kijana hakusema uongo, kweli hakuwaona.”

Nikamuuliza kama alisema hivyo kwa kicheko au kwa uchungu. Alifikiri kwa muda mrefu.

“Miaka ni mingi, mwanangu. Sikumbuki.”

Nilirudi Morogoro jioni, ikiwa Jumamosi, nikawahi kuwasha taa. Asubuhi nilipata nondo 47. Tangu siku ile mke wangu hukaa nami mara kwa mara tunapofunua trei, ingawa uniti bado anazihesabu. Mjukuu wetu naye nimemwachia safu ya mwezi.

Juzi, Alhamisi, mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha saa mbili usiku. Wingu lilikuwa zito, hakuna mwezi, na kumbikumbi walikuwa wameshaanza kupiga taa. Ungekuwa usiku mkubwa kuliko wote wa mwaka. Saa nne umeme ukakatika, haukurudi mpaka mchana. Alfajiri nilikuta nondo tisa chini ya trei. Nimepiga kistari, na pembeni nimeandika: tisa hadi saa nne, baada ya hapo giza.