Chaki Mbili

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa miaka kadhaa mwalimu huyu alikuwa ameifundisha methali hii katika shule moja ya upili, akiwaeleza wanafunzi wake maana yake ya juu na ya ndani, na pia muundo wake wa pande mbili. Hata hivyo, yeye mwenyewe hakuwa amewahi kuinama mvunguni mwa kitu chochote. Likizo ya Aprili ilipowadia, alijikuta amepiga magoti kwenye sakafu iliyojaa mafuta meusi, kichwa kikiwa chini ya kitanda cha chuma, akiitafuta nati iliyomponyoka. Mzee aliyesimama juu yake akamwambia, "Inama zaidi, Mwalimu. Kitanda hiki hakina godoro."

Kitanda hicho kilikuwa sehemu ya mashine kuukuu ya kukerezea vyuma, ile ambayo mafundi wa Litein huiita leidhi. Kibanda chake ki pembezoni mwa mji, ubavuni mwa kinu cha kusagia mahindi na wimbi, hatua chache kutoka barabara kuu itokayo Kericho kuelekea Sotik. Kinu ndicho kilichouleta umeme wa fezi tatu mahali hapo, na leidhi ikapata riziki yake kwa ujirani. Adhuhuri ikipita, mvua ya nchi ya majani chai hulipiga bati la kibanda kwa kishindo hata watu wawili wakasemezana kwa ishara.

Mashine ilikuwa mali ya marehemu baba wa mwalimu. Katika ujana wake mzee huyo alifanya kazi katika karakana ya kiwanda kimoja cha chai. Wengi wanaokunywa chai hawajui kuwa kabla ya kufika kikombeni, jani hupitia kwenye meno ya chuma. Katika mtindo wa kusaga uitwao CTC, ulioanzia Assam nchini India katika miaka ya 1930, jani hupitishwa katikati ya magogo mawili ya chuma yenye meno, yanayozunguka kwa kasi tofauti, moja likienda takriban mara kumi ya mwenzake. Jani hupondwa, huraruliwa na kukunjwa kwa mkupuo mmoja. Chai nyingi ya Kenya hutengenezwa hivyo. Lakini chuma nacho huchoka. Meno yakiwa butu, chai huharibika, na gogo hurudishwa karakanani likerezwe upya na kukatwa meno mapya. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya baba. Alipostaafu, aliinunua leidhi hii mnadani na kujifungulia kibanda. Kwa Wakipsigis, ambao tangu jadi waliwaita wahunzi wao kitongik, watu walioiona kazi yake hawakukosa jina la kumpa.

Matanga yalipokwisha, kikao cha familia kiliketi. Baba mdogo alisema lililokuwa katika vichwa vya wengi. Biashara ya chuma chakavu, ambayo serikali iliipiga marufuku Januari 2022 kisha ikairuhusu tena mwaka uo huo chini ya kanuni mpya, ilikuwa imechangamka. Mashine ilikuwa na uzito wa zaidi ya nusu tani, na kodi ya kibanda ilikuwa ikidaiwa. "Kaka yangu alikuwa mtu wa chuma," alisema. "Wewe, Mwalimu, ni mtu wa chaki. Mashine isiyo na mwenyewe ni mzigo." Mama hakusema neno. Mwalimu, pasipo kujua ni nini kilichomsukuma, aliomba muda hadi shule zifunguliwe. Akapewa.

Ukweli ni kwamba palikuwa na jambo ambalo hakulitaja kikaoni. Alipokuwa kidato cha nne, baba alisimama mlangoni jioni moja akamwambia, "Njoo kibandani nikuonyeshe kitu." Akajibu, "Nina mtihani, Baba." Baba akaenda zake. Hakumwita tena, wala mwana hakuuliza kitu hicho kilikuwa nini.

Aliyekubali kumfunza alikuwa mzee aliyefanya kazi na babake karakanani, sasa amestaafu na macho yamepungua nuru. Siku ya kwanza mzee aliamuru, "Shika chaki." Mwalimu akatazama huku na huku akitafuta kipande cheupe. Mzee akacheka hata akakohoa. Chaki ya karakanani ni ile sehemu ya duara yenye taya tatu, inayokishika chuma na kukizungusha. Taya hukazwa kwa ufunguo, na ufunguo huo ndio uliokuwa somo zima la siku hiyo. "Ufunguo hauachwi ndani ya chaki hata kwa nukta moja," mzee alisema. "Ukiwasha mota umo ndani, utaruka, na hujui utampiga nani." Alimwamuru akaze na kulegeza, akaze na kulegeza, kila mara autoe ufunguo na kuuweka mezani, hadi mkono ukazoea. Kisha akamvua tai na saa, akamkunjisha mikono ya shati hadi juu ya viwiko, na kumkataza kuvaa glavu, maadamu chuma kinachozunguka hukamata kitambaa kwanza na mtu baadaye.

Siku ya pili waliisafisha mashine kwa mafuta taa. Chini ya uchafu kilijitokeza kibao chenye jina la Colchester, mji wa Uingereza mashine ilikotengenezwa, na jina la aina yake: Student. Yaani Mwanafunzi. Kampuni hiyo ilikuwa na aina nyingine iliyoitwa Master. Mwalimu alilitazama neno lile kwa muda. Baba alikuwa amefanya kazi miaka yote hiyo mbele ya neno hilo, na yeye hakulijua.

Masomo yaliendelea. Alijifunza kukinoa kisu kwenye jiwe na kukifunga katika kimo kilekile cha kitovu cha chuma kinachozunguka. Kisu kikiwa chini, uso wa chuma hubaki na kinundu katikati; kikiwa juu, hakikati bali husugua. Alijifunza kukokotoa kasi. Kwa kisu cha chuma kigumu, chuma laini hukatwa kwa mwendo wa kama mita 30 kwa dakika. Kwa hiyo fimbo yenye kipenyo cha milimita 25 huhitaji mizunguko ipatayo 380. Hesabu hiyo aliiweza upesi, akajisifu. Mzee akamwambia hesabu ni ya kuanzia tu, sikio ndilo linalomalizia. Chuma kinapokatwa vyema hutoa sauti ya nguo inayochanwa taratibu. Kikilalamika, kuna jambo. Maranda yake yakitoka marefu kama nyuzi, yasishikwe kwa mkono, kwani ni wembe.

Usiku mwalimu aliandika msamiati wake daftarini: kitanda, kichwa, mkia, kisu, taya, chaki. Mashine nzima, aliona, ilikuwa imepewa mwili na nyumba. Alipofungua kamusi, alilikuta neno keezo, mashine ya kukerezea, lenye nasaba na kitenzi kereza. Neno la pwani hilo, la mafundi waliokereza miguu ya vitanda vya Lamu. Asubuhi alilipeleka kibandani kama zawadi.

"Mzee, mashine hii jina lake ni keezo."

"Nani anaiita hivyo?"

"Kamusi."

"Basi kamusi ije itusaidie kufunga mkanda huu."

Mwalimu alinyamaza. Mara nyingi alikuwa amelalamika mbele ya wenzake kwamba Kiswahili kina maneno ya kutosha ila watu ni wavivu kuyatumia. Hapo kibandani aliona upande wa pili wa shilingi: neno lisilofika mahali pa kazi hubaki vumbini kama mashine isiyo na fundi.

Wiki ya tatu mzee alimpa kazi halisi. Toroli la mama, analobebea majani mabichi ya chai hadi kituo cha kununulia, lilikuwa likilia njiani kwa sababu bushi ya gurudumu ilikuwa imelika. Baba aliacha vipande viwili vya shaba. Mwalimu akafunga cha kwanza. Bushi ilipaswa kuwa na kipenyo cha nje cha inchi 1.250. Alipopima alikuta 1.290. Ziada ilikuwa sehemu 40 za elfu za inchi. Akaizungusha roda ya kisu sehemu 40 kamili, akakata kwa fahari. Alipopima tena, kipimo kilisoma 1.210. Bushi ilikuwa nyembamba kwa milimita moja nzima, na ikaingia katika tundu la gurudumu ikichezacheza kama jino la mtoto.

Hesabu yake haikuwa na kosa la kutoa. Kosa lilikuwa la kuelewa. Chuma kinazunguka. Katika mashine ile, kisu kikisogea sehemu 40, hukata 40 upande huu na 40 upande wa pili. Alipaswa kusogeza 20. Alisubiri kukaripiwa. Mzee alikigeuzageuza kipande kile, akakiweka dirishani.

"Babako aliharibu vingi kuliko hiki," alisema. "Wewe uliviona vilivyofika nyumbani tu."

Kisha akamfunza jambo la mwisho. Skrubu ya mashine kuukuu ina ulegevu. Roda hugeuka kidogo kabla kisu hakijaanza kusogea. Kwa hiyo aliyepita kipimo hatarudi kwa kugeuza nyuma kidogo tu. "Ukipita, rudi nyuma zaidi ya pale ulipotaka, kisha uje mbele polepole."

Siku hiyo baba mdogo alipita kibandani. Alisimama mlangoni akikumbusha kuwa Mei 2023 watu wa Kericho walizichoma moto mashine za kuchuma chai, kwa kuwa zilikuwa zimewapokonya vibarua ujira wao. "Na wewe unaililia mashine!" Mwalimu hakuwa na jibu tayari. Mzee ndiye aliyejibu, bila kuinua kichwa: "Ile humwondoa mtu. Hii, mtu akiondoka, imekufa. Huoni ndiyo maana unataka kuiuza?"

Kipande cha pili kilichukua siku mbili. Mwalimu alikata kidogo, akapima, akakata, akapima. Jioni aliipeleka bushi kwa mama. Mama aliiweka kiganjani. Vidole vyake, vilivyozoea kutambua majani mawili na chipukizi bila kutazama, vilipita juu ya shaba, vikasita ukingoni.

"Babako asingeuacha ukingo huu mkali," alisema. "Ungekata mkono wa mtu."

Hilo ndilo neno la kwanza alilolitamka kuhusu mashine tangu mazishi. Mwalimu alirudi kibandani gizani. Aliwasha taa, akaifunga bushi katika chaki, akautoa ufunguo na kuuweka mezani, kisha akapapasa tena kwa mkono kuhakikisha. Ukingo uliondoka kwa chini ya dakika moja.

Kesho yake toroli lilipita mbele ya kinu likiwa limejaa majani, na halikulia. Mwenye kinu alitoka nje kutazama. Mnunuzi wa chuma chakavu alikuja mchana na mizani yake. Baba mdogo akamuuzia mapipa mawili yaliyotoboka na fito za zamani. Kuhusu mashine alisema itazungumzwa Desemba. Mwalimu naye alijitolea kulipa nusu ya kodi. Wakati wa kufunga mlango, mzee alimgeukia mwenye kinu na kusema, kana kwamba alilijua neno lile tangu utotoni, "Huyu atakuwa akija wikendi. Anajifunza keezo."

Shule zilifunguliwa. Mwalimu aliingia darasani akishika chaki ile nyingine, nyeupe, kucha zake zikiwa na weusi usiotoka kwa sabuni. Insha ya kwanza aliyosahihisha ilikuwa ya mwanafunzi aliyepotea katikati ya hoja na kukazana kuirekebisha sentensi moja tu. Zamani angeipiga mistari miwili mekundu na kuandika: Umetoka nje ya mada. Safari hii aliandika: Umepita kidogo. Rudi nyuma zaidi ya hapa, kisha uje mbele polepole.